Mtunza Vitabu si Bawabu

Yako maneno mawili yasemwayo sana na watu wenye akili, nami naona kuwa yote mawili yana hasara. Moja husemwa vyuoni, na moja husemwa vijijini kwetu.

Katika vyuo vikuu vingi vya dunia maktaba hutoa karatasi ya habari kila mwezi au kila robo ya mwaka. Humo huandikwa habari za watu wa maktaba yenyewe: nani ameingia kazini, nani amestaafu, nani amepata shahada, nani amekwenda mkutanoni na huko alisoma hotuba gani, nani ameandika makala na imepigwa chapa wapi. Wako wakubwa ambao huitazama karatasi hiyo wakacheka, wakasema, "Habari za watunza vitabu zina faida gani? Kazi yao ni kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni." Ndilo neno la kwanza. Tena halikomi kuwa mzaha, maana mwaka wa fedha haba ukija, fungu litakalokatwa mapema ni lile la safari na masomo ya watu wa maktaba.

Neno la pili ni letu sisi. Twasema, "Hayo ni mambo ya chuo kikuu. Sisi wakulima na walimu wa shule ndogo yatuhusu nini?"

Nataka kuyajibu yote mawili. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu la pili lazaliwa nalo.

Yatupasa kwanza tuijue kazi yenyewe, maana wengi huilaumu hali hawaijui. Mtunza vitabu wa maktaba siku hizi aitwa mkutubi, nami nitalitumia jina hilo. Kitabu hakitoki sandukuni kikaenda rafuni chenyewe. Yuko mtu aliyeketi akasoma orodha za wapiga chapa, akachagua hiki akaacha kile, kwani fedha hazitoshi kununua vyote. Kitabu kikifika hupigwa muhuri, huandikwa daftarini, kisha hufunguliwa na kusomwa, kama si chote basi kiasi cha kujua chanena habari gani. Hapo ndipo kinapopewa namba, na namba hiyo ni kama njia ya kufikia nyumba ya mtu.

Mwaka 1876 Melvil Dewey wa Marekani alitoa mpango wa kuyagawa maarifa yote katika mafungu kumi, na kila fungu katika mengine kumi, na kila moja la hayo katika kumi tena. Kwa mpango huo lugha huanzia namba 400, lugha za Afrika zimo katika 496, na Kiswahili kina namba yake, 496.392. Katika maktaba zote zinazoufuata mpango huo, ziwe Afrika au Amerika, mtu akiifuata namba hiyo atafika penye Kiswahili. Basi fikirini jambo hili. Mwenye kuandika namba akikosea tarakimu moja tu, kitabu chaweza kukaa rafuni miaka hamsini, kizima, safi, hakina mchwa wala vumbi, nacho kimepotea kama kilichotupwa baharini. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maktaba yenye vitabu laki moja na orodha mbovu ni ghala la karatasi.

Kisha yuko msomaji. Kijana atoka shule yenye kabati moja la vitabu, aingia nyumba yenye vitabu vya maelfu kwa maelfu. Asimama mlangoni, hajui aanzie wapi, na kuuliza aona haya. Mwalimu wa sheria atamfundisha sheria, na mwalimu wa uganga atamfundisha uganga. Lakini namna ya kulitafuta neno mahali lilipo, kupima kama mwandishi huyu ni wa kuaminiwa, kutofautisha kitabu kipya na cha zamani kilichokwisha kukosolewa, na kutaja ulichokitoa kwa mwenzio ili usiwe mwizi, hayo hufundishwa na mkutubi. Simdharau bawabu. Kazi yake ni ya haki na mshahara wake ni wa haki. Lakini hakuna aliyemtaka bawabu ajue yaliyomo katika mizigo ipitayo mlangoni pake.

Wataniambia, "Sawa, kazi ni ngumu. Lakini wameajiriwa kuifanya, basi na wakae waifanye. Safari za nini? Mikutano ya nini?" Natoa mfano wa kweli.

Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Madras, huko India, kilimpata mkutubi wake wa kwanza. Jina lake S. R. Ranganathan, naye alikuwa mwalimu wa hesabu. Elimu ya maktaba hakuwa nayo. Alipoketi katika kiti kile alichoka upesi sana, hakuona kazi ya kumtosha, akatamani kurudi kwa wanafunzi wake. Lau wakubwa wake wangalimwacha akae pale pale, angaliondoka, au angalibaki akisinzia juu ya funguo. Walakini walimpeleka Uingereza. Huko alisoma katika University College London, akazitembelea maktaba nyingi, akaona kwa macho yake jinsi zilivyowahudumia wenye vyeo na wafanya kazi, wakubwa na watoto. Mwaka 1925 akarudi Madras, na moyo wake ulikuwa umegeuka kabisa. Mwaka 1928 alishiriki kukianzisha chama cha maktaba cha Madras. Mwaka 1931 alitoa kitabu cha kanuni tano za maktaba, na mwaka 1933 mpango wake mwenyewe wa kuvigawa vitabu. Kiini cha mafundisho yake ni kwamba kitabu kisichotumiwa hakijafanya kazi yake, na kwamba wakati wa msomaji ni mali isiyofaa kuchezewa. Kanuni zile zafundishwa hata leo katika shule za wakutubi, India na Afrika na kwingineko.

Sasa nawauliza wenye kucheka. Gharama ya safari ya mtu mmoja kutoka India mpaka Uingereza, je, ilikuwa hasara? Mweka hazina mwenye kuhesabu shilingi za leo tu angalisema ndiyo. Nchi nzima ya India yasema siyo.

Wala tusidhani kuwa ni mambo ya India peke yake. Makerere mwaka 1963 ilianzishwa shule ya kuwafundisha wakutubi wa Afrika Mashariki yote, na Bagamoyo mwaka 1989 ikaanzishwa shule ya mambo ya maktaba na nyaraka. Waliozijenga shule hizo walikubali kuwa kazi hii ina elimu yake. Tena elimu ya namna hii haiishi siku ya kupewa cheti. Mganga aliyehitimu miaka thelathini iliyopita, naye tangu siku hiyo hajafungua kitabu wala kuzungumza na waganga wenzake, wewe msomaji utampelekea mtoto wako? Kama hutampelekea mganga huyo mtoto, basi usimtake mkutubi wa namna hiyo akuongozee kijana wako.

Twende katika jambo la mikutano, maana ndilo linalochekwa zaidi. Nitaonyesha kuwa hata majina yetu yamo hatarini.

Mwandishi wetu Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, jina lake liandikwe wapi katika orodha ya maktaba? Kwa desturi ya Ulaya jina la mwisho ndilo la ukoo, basi ataandikwa katika herufi R. Kwa desturi ya pwani yetu jina la mtu ni lile la kwanza, na la pili ni la baba yake, basi yafaa aandikwe katika S. Msomaji mmoja atamtafuta huku, na mwingine kule, na asiyemkuta atasema maktaba haina vitabu vyake. Watu wa Ethiopia hali yao ni hiyo hiyo, kwani la pili kwao ni jina la baba. Je, nani ataamua? Huamua wale waliokuwako mkutanoni. Mwezi wa Oktoba mwaka 1961 wakutubi wa mataifa mengi walikutana Paris kuafikiana juu ya kanuni za kuandika orodha. Baada ya hapo, mwaka 1967, chama kiitwacho IFLA, ambacho ni shirikisho la vyama vya maktaba vya dunia lililoanzishwa Edinburgh mwaka 1927, kilitoa kitabu cha kueleza desturi za majina ya watu kwa kila taifa, ili orodha zipatane. Chama hicho kilikutana Nairobi mwaka 1984, na Durban mwaka 2007. Mwenye kwenda mikutano ya namna hiyo apata kusema, "Kwetu si hivyo, kwetu jina huandikwa hivi." Asiyekwenda huandikiwa. Ndugu zangu, tusipowapeleka watu wetu mahali ambapo majina ya babu zetu hupangwa, tusinung'unike tukiyakuta yamepinduliwa.

Nakubali kuwa wako waendao mikutanoni kwa ajili ya posho na kununua nguo. Hao wapo katika kila kazi. Wamo miongoni mwa walimu, na miongoni mwa waganga, na miongoni mwa wakubwa wenyewe wanaowacheka wakutubi. Dawa yao haiwezi kuwa kuwafungia njia watu wote. Dawa yao ni hesabu. Na hapo ndipo ionekanapo faida ya ile karatasi ya habari inayodharauliwa. Ikiandikwa kwamba fulani alikwenda mahali fulani, alisoma hotuba hii, akajifunza jambo hili, na tangu aliporudi amewafundisha wenzake kumi, basi kila mtu aweza kuuliza kama ni kweli. Na kama hakuna la kuandika, hilo nalo litaonekana. Aliyepewa fedha ya watu na atoe habari kwa watu. Karatasi hiyo wengine huiita majivuno. Mimi naiita daftari la deni.

Wazee walisema pia, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Tuangalie basi walichokiokota wakutubi waliokwenda, siku ya shida ilipokuja.

Tarehe 18 Aprili mwaka 2021 moto wa msituni uliteremka toka mlimani ukafika katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Chumba cha kusomea kiitwacho Jagger kiliteketea. Vitabu vingi vya elimu ya Afrika viliungua, pamoja na mkusanyo wa filamu, na baadhi yake havitapatikana tena. Lakini ghala za chini ya nyumba zilikuwa na milango ya kuzuia moto, nayo ilijifunga, hata sehemu kubwa ya hati za kale zikasalimika na ndimi za moto. Ndipo adui wa pili akaja, yaani maji yaliyomwagwa kuzimia moto, ambayo yalitiririka mpaka chini. Karatasi iliyolowa huota ukungu baada ya siku mbili tatu tu, na ukungu ukishika, wino na karatasi vyaharibika pamoja. Watu wa maktaba walifanya kazi kwa majuma mengi, na mamia ya watu wa kujitolea pamoja nao, wakipitisha makasha mkono kwa mkono, wakitenga kilichokauka na kilicholowa.

Elimu ya kujua ni hati gani itolewe kwanza, ipi ianikwe na ipi igandishwe kwa baridi kali ili ukungu usiiwahi, haipatikani siku ya moto. Hupatikana kabla, katika yale mafunzo ya siku tatu na ile mikutano ya matengenezo ya vitabu, ambayo habari zake huandikwa kwa mistari miwili katika karatasi ya maktaba na wakubwa wakaipita bila kuisoma. Chuo kinachokata masomo hayo hakipunguzi gharama, bali chaziahirisha mpaka siku ya moto, na siku hiyo hazitalipika.

Nataka sasa kuleta habari ya karibu nasi zaidi, inayotuhusu sote tusemao Kiswahili. Katika miji ya pwani, tangu zamani, jamaa nyingi ziliweka tenzi na barua na hati nyingine zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nyingi zilikaa masandukuni, zikaliwa na mchwa na unyevu. Wenyewe wakifa, watoto wasiojua kuzisoma huweza kuzitupa. Nyingine zilikusanywa zikawekwa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, na mwaka 1970 orodha yake iliyofanywa na J. W. T. Allen ikapigwa chapa mjini Leiden. Kwa orodha ile mtu yeyote aweza kujua kuna nini na kimewekwa chini ya namba gani. Hati hizo hazikuja zenyewe mpaka Dar es Salaam. Ilibidi watu wasafiri, waketi na wazee, waombe, wanakili, warudishe. Bawabu hangoji utenzi mlangoni. Kama safari za watu wa vitabu ni kupoteza fedha, basi na hazina hiyo ingepotea, nasi tungeambiwa na wageni kwamba babu zetu hawakujua kuandika, tusiwe na la kuwajibu.

Liko jibu jingine ambalo hutolewa siku hizi, hasa na vijana. Husema, "Maktaba zimepitwa na wakati. Yote yamo katika intaneti. Mkutubi wa nini tena?" Neno hili lasikika kama la maendeleo, lakini nalipinga kwa nguvu zaidi kuliko yote yaliyotangulia.

Kwanza, yaliyomo katika intaneti si yote ya bure. Majarida ya wataalamu huuzwa kwa bei kubwa mno, hata vyuo tajiri vyalalamika. Mwaka 2002 Shirika la Afya la Dunia pamoja na wapiga chapa wakubwa walianzisha mpango uitwao HINARI, ili vyuo na hospitali za nchi zenye uchumi mdogo zipate kusoma majarida ya uganga bure au kwa malipo madogo. Ni jambo jema sana. Lakini chuo hakiupati mpango huo kwa kulala. Lazima awepo mtu wa kuujua, wa kukiandikisha chuo, wa kutunza maneno ya siri ya kufungulia, na wa kuwafundisha wanafunzi na walimu namna ya kutafuta humo. Mtu huyo ni mkutubi. Vivyo hivyo maktaba za vyuo vya Tanzania zina muungano wao, na za Kenya zina wao, ili zinunue pamoja kile ambacho kila moja peke yake haiwezi kukinunua. Miungano hiyo iliundwa na wakutubi walioketi pamoja, tena katika mikutano ile ile inayochekwa.

Pili, katika intaneti kweli na uongo huvaa kanzu moja. Yako majarida ya kitapeli yachapayo lolote maadamu mwandishi amelipa. Na sasa iko mitambo ijibuyo maswali kama mtu, nayo mara nyingine hutaja kitabu kwa jina lake na mwandishi wake na mwaka wake, na kitabu hicho hakikuandikwa kamwe. Wanafunzi huja maktabani wakiomba vitabu ambavyo havipo duniani. Nani atamwambia kijana kwamba amedanganywa, na kumwonyesha jinsi ya kugundua? Kadiri soko linavyojaa bidhaa mbovu ndivyo mtu ajuaye kupima anavyozidi kuhitajiwa. Lakini mkutubi naye hawezi kuijua mitambo hiyo kama hapewi nafasi ya kujifunza. Mkimkatia masomo leo, kisha kesho mkasema amepitwa na wakati, ninyi ndio mliompitisha.

Kuna na jambo la cheo. Marekani mwaka 1972 vyama vya wakutubi na vya walimu wa vyuo vikuu vilitoa tamko la pamoja, kwamba yafaa wakutubi wa vyuo wahesabiwe katika daraja la walimu, kwa kuwa kazi yao ni sehemu ya ufundishaji na utafiti. Vyuo vingine vilikubali, vingine mpaka leo havijakubali, na ubishi wake haujaisha. Mimi sitaki kuingia katika ubishi wa majina ya vyeo. Nasema neno moja tu. Chuo kikimtaka mkutubi aandike makala na kufanya utafiti kama mwalimu ndipo apandishwe, basi na kimpe saa za kusoma na kuandika kama kimpavyo mwalimu. Kumtaka aketi dawatini tangu saa mbili asubuhi mpaka usiku, kisha kumwuliza mbona hujaandika, huko ni kumtaka mtu avune pasipo kumpa siku ya kulima.

Sasa narudi kwa neno la pili, lile letu la vijijini. Yatuhusu nini?

Yatuhusu kwa njia tatu. Kwanza, chuo cha serikali hulishwa kwa kodi, na kodi hutoka katika pamba, na kahawa, na samaki, na chumvi na sukari tununuazo dukani. Ukilipa sehemu ya mshahara wa mtu, una haki ya kujua afanya nini. Pili, watoto wetu huenda huko. Mzazi huuza ng'ombe ili mtoto asome, na mtoto huyo akifika hutumia saa nyingi maktabani kuliko darasani, au yafaa iwe hivyo. Akikosa wa kumwongoza, nusu ya ng'ombe imepotea. Tatu, walimu wa shule zetu watoka huko. Mwalimu aliyefunzwa na mkutubi mwema kuvipenda vitabu na kuvitunza hurudi kijijini akafungua kabati. Aliyeona maktaba kuwa ni mahali pa kufukuzwa kwa kelele, huja akalifunga. Nani kati yetu hajaliona kabati la shule lililofungwa kwa kufuli, vitabu vimo ndani, ufunguo hauko, na mchwa ndio wasomaji? Kufuli ile ilianza mbali. Ilianza pale watu walipokubali kwamba mwenye vitabu ni mwenye ufunguo tu.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa wakubwa wa vyuo: fungu la masomo na safari za watu wa maktaba lisikatwe peke yake wala la kwanza, kama ni njaa, na iwe ya wote. Kwa wakutubi wenyewe: habari zenu ziandikeni wazi, na zisiwe majina na picha tu. Semeni mlijifunza nini na mmekitumiaje, tena semeni kwa Kiswahili pia, ili mlipa kodi azisome. Aliyekwenda mkutanoni na arudi afundishe, na asiyekuwa na la kufundisha asipelekwe mara ya pili. Kwa walimu wenzangu: mwanafunzi wenu mwenye bidii ya kupanga, mwenye kupenda kuuliza neno limetoka wapi, msimwambie kazi ni uganga na uhandisi tu. Mwambieni kuwa iko na kazi hii. Kwa wazazi: mtoto akirudi likizoni kutoka chuoni, pamoja na kumwuliza amefaulu kiasi gani, mwulizeni, "Maktaba yenu ina watu wangapi waliosomea kazi hiyo, nao wamekufundisha nini?" Jibu lake litawaambia mengi juu ya chuo hicho.

Dar es Salaam ilifunguliwa maktaba mpya ya chuo kikuu mwezi wa Novemba mwaka 2018, nyumba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China, nayo yasemwa ina nafasi ya vitabu 800,000. Twaifurahia, na ni haki kuifurahia. Lakini saruji haijui mwanafunzi alikuwa akitafuta nini, wala rafu haiwezi kumwambia kwamba kitabu alichotajiwa hakikuandikwa kamwe. Nyumba ya namna ile hudai watu waliofundishwa, waendao kujifunza, warudio kufundisha, na wasioona haya kuandika habari za kazi yao.

Ndiyo niliyotaka kuyasema. Mwenye kuona kuwa nimepotoka na ajibu katika kurasa hizi hizi, nami nitamsoma kwa adabu. Lakini naomba ajibu kwa hoja, na asiniambie tena kwamba kazi ya watu hao ni kufungua mlango.